Masanduku matatu ya New York: kura ya gavana ya mwaka 1792



Tukipokea habari za ndugu zetu waliopelekwa Marekani kutoka makambi, mara nyingi tunasikia majina ya miji kama Utica, Syracuse, Rochester na Buffalo. Miji hiyo yote iko katika jimbo la New York. Wengi wetu tukisikia New York tunawaza magorofa na bahari tu, lakini jimbo lenyewe ni kubwa, liko na milima, maziwa na mashamba, na miaka 200 na zaidi iliyopita sehemu kubwa ilikuwa msitu. Leo nataka tuzungumze juu ya kura moja iliyopigwa kule mwaka 1792, kura ya kuchagua gavana wa jimbo. Nimeichagua kwa sababu hakuna aliyekuja na bunduki kuiharibu. Iliharibika juu ya swali moja dogo: nani alibeba sanduku?

Kwanza tuwajue wagombea. George Clinton (msimchanganye na yule Clinton wa siku zetu) alikuwa gavana tangu mwaka 1777, yaani tangu jimbo lilipopata katiba yake katikati ya vita vya kujitoa kwa Waingereza. Alikuwa jenerali, mtu wa watu, mwenye marafiki kila kona. Kila miaka mitatu kura ilipigwa, na kila mara alibaki. Lakini mwaka 1789 alianza kuyumba: alimshinda mzee mmoja wa tribinali, Robert Yates, kwa kura 6,391 dhidi ya 5,962. Tofauti ni kura 429 tu. Watu wakaanza kusema, kumbe huyu mzee anaweza kuanguka.

Mpinzani wake wa 1792 alikuwa John Jay. Huyu alikuwa jaji mkuu wa kwanza wa Marekani nzima, mtu mpole, wa dini, mwenye kusoma sana. Wakati wa kura alikuwa bado jaji mkuu, akizunguka majimbo kwa farasi na gari la farasi kusikiliza kesi, kazi iliyomchosha sana. Hakutembea kuomba kura. Siku zile mgombea mwenye heshima hakusimama kujisifu mbele ya watu, marafiki ndio walimsemea.

Nyuma ya watu hao wawili kulikuwa na vyama viwili vilivyokuwa vinazaliwa. Mwaka 1788 New York iliulizwa kama inakubali katiba mpya ya kuunganisha majimbo yote chini ya serikali moja yenye nguvu. Jay na rafiki yake Alexander Hamilton walisema ndiyo. Clinton, aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano huo wa kuamua, alikuwa upande wa wasiotaka, aliogopa kwamba serikali ya juu itameza majimbo. Ndiyo ilishinda kwa kura 30 dhidi ya 27. Kura tatu tu! Jeraha hilo halikupona, na mwaka 1792 lilikuwa bado bichi. Watu wa Jay waliitwa Wafederali, na wa Clinton ndio waliokuja kuitwa Warepublika (siyo chama cha leo chenye jina hilo).

Kampeni ilikuwa chafu kiasi, kama kampeni zote. Watu wa Jay walimshambulia Clinton juu ya ardhi. Mwaka 1791 komisheni ya ardhi ya jimbo, ambamo gavana mwenyewe alikaa, ilimuuzia mfanyabiashara mmoja, Alexander Macomb, eka zaidi ya milioni 3.6 kwa bei ya peni 8 kwa eka. Mtu mmoja kupewa nchi kubwa namna hiyo, kwa bei ya bure! Watu wa Clinton nao walimshambulia Jay juu ya utumwa. Jay aliwahi kuwa prezida wa shirika la kutetea kukombolewa kwa watumwa, na wakati huo jimbo lilikuwa na watumwa zaidi ya 21,000 kati ya watu kama 340,000. Wakulima wenye watumwa kando ya mto Hudson waliambiwa: huyu akiingia, mtapoteza mali yenu. Jay alijibu kwa maandishi kwamba kila mtu, wa rangi yoyote, ana haki ya asili ya kuwa huru, lakini ukombozi uende hatua kwa hatua. Jibu kama hilo linaweza kumpotezea mtu kura, na hakulirudisha.

Sasa tufike kwenye sheria, sababu kila kitu kinageukia hapo.

Kwetu tumezoea kura kuhesabiwa palepale kwenye biro, mbele ya mashahidi, kisha karatasi ya matokeo kubandikwa mlangoni. New York ya wakati ule haikuwa hivyo. Kura za gavana hazikuhesabiwa kijijini. Zilifungwa ndani ya sanduku, zikapewa sherifu wa kaunti (kaunti ni kama teritware kwetu, na sherifu ni mkubwa wa kusimamia amri za sheria pale). Sherifu ndiye alipaswa kulifikisha sanduku kwa katibu wa jimbo, mjini New York. Huko kamati ya watu 12 kutoka bungeni, nusu maseneta na nusu wajumbe, ilifungua masanduku na kuhesabu. Sheria iliongeza kwamba uamuzi wa kamati ni wa mwisho, hakuna wa kuugeuza. Na baada ya hesabu, makaratasi yalichomwa moto.

Hebu fikirini njia. Kura zilipigwa mwisho wa Aprili, wakati theluji imeyeyuka na barabara za msituni ni tope tupu. Sanduku la kaunti ya Clinton, iliyopewa jina la gavana mwenyewe, lilitoka mpakani na Kanada. Yale ya Otsego na Tioga yalitoka kwenye nchi mpya ya magharibi. Kaunti hizo mbili za mwisho zilikuwa zimeundwa mwaka 1791 tu, hazijamaliza hata miaka miwili.

Juu ya Otsego lazima nisimame kidogo, sababu sisi ni shirika la watu waliorudi. Ndani ya kaunti hiyo mlikuwa na kijiji kinachoitwa Cherry Valley. Tarehe 11 Novemba 1778, wakati wa vita, askari wa upande wa Waingereza pamoja na wapiganaji wenyeji walikivamia, wakaua wanawake na watoto na kuchoma nyumba. Waliopona walikimbia. Vita vilipoisha, baadhi ya familia zilirudi, zikakuta magofu na magugu, zikaanza upya. Upande wa pili wa historia hiyo tusiufiche: mwaka 1779 jeshi la Wamarekani, na sehemu moja ikiongozwa na James Clinton, kaka wa gavana, lilipita pale ziwa Otsego kwenda kuchoma vijiji vya watu wa asili, Wairokwa, pamoja na mahindi yao shambani. Wale walikimbilia ngome za Waingereza, na wengi wao hawakupata tena nchi yao. Kwa hiyo mwaka 1792 waliopiga kura Otsego walikuwa wahamiaji wapya, na pamoja nao watu waliokuwa wamerudi, kwenye ardhi ambayo wengine walinyimwa kurudi.

Mkubwa wa hapo alikuwa William Cooper, jaji wa kwanza wa kaunti, mwanzilishi wa mji wa Cooperstown (mtoto wake James Fenimore Cooper alikuja kuwa mwandishi maarufu). Cooper aliwauzia walowezi mashamba kwa deni, na alikuwa Mfederali wa moto. Alijisifu kwamba Otsego ni ya Jay. Baadaye alishtakiwa bungeni kwamba aliwatishia watu juu ya kura, na wadeni wake hasa, lakini bunge halikumhukumu. Mimi sidhani alikuwa malaika. Mtu anayeshika deni ya shamba lako akikuuliza utampa nani kura, ni vigumu kumjibu kwa uhuru. Tena kumpigia gavana kura kulihitaji mali: uwe mwanaume mwenye ardhi yako ya thamani ya pauni 100, deni likishatolewa. Kwa walowezi wa Cooper hapo palikuwa na mlango wa maswali mengi. Lakini angalieni vizuri: si kwa sababu hiyo kura zao zilitupwa.

Zilitupwa juu ya sherifu. Richard Smith, sherifu wa Otsego, alipewa kazi hiyo Februari 1791 kwa mwaka mmoja, maana katiba ilisema masherifu wateuliwe kila mwaka. Februari 1792 muda wake uliisha. Mpya aliteuliwa, Benjamin Gilbert, lakini siku masanduku yanaondoka alikuwa bado hajaapa. Basi Smith akaendelea kufanya kazi, sababu hakukuwa na mwingine, akatuma sanduku. Je, alikuwa sherifu au hakuwa?

Tioga, sherifu alimpa naibu wake sanduku. Naibu akaugua njiani, akamkabidhi karani wake amalizie safari. Kaunti ya Clinton, sherifu alimpa mtu alipeleke, lakini bila karatasi ya kumteua kuwa naibu. Ndiyo mambo yote. Malalamiko yale yalihusu wabebaji, wala uamuzi haukusimama juu ya mtu yeyote kuvunja sanduku, kuongeza kura au kuiba.

Kamati ilikaa mwisho wa Mei mjini New York na ikakwama. Ikaomba shauri kwa maavoka wawili wakubwa, ambao ndio walikuwa maseneta wa jimbo katika mji mkuu wa nchi: Rufus King na Aaron Burr. King, Mfederali, alisema zihesabiwe: sherifu wa zamani huendelea mpaka mpya aingie, na hata kama muda umeisha, mtu anayefanya kazi ya sherifu mbele ya watu wote, kazi yake ni halali, tusiwaadhibu raia kwa kosa lisilo lao. Burr alisema hapana: desturi hiyo ni ya sheria ya Uingereza, New York haikuirithi, katiba imesema mwaka mmoja, basi ni mwaka mmoja. Burr alikuwa mjanja. Hakuwa wa chama chochote kwa moyo wote, na yeye mwenyewe alifikiriwa kuwa mgombea mwanzoni mwa mwaka huo. Kwa shauri hilo alijiweka upande wa Clinton moja kwa moja.

Tarehe 12 Juni 1792 matokeo yalitangazwa. Wajumbe saba, wote watu wa Clinton, waliamua kuyatupa masanduku matatu. Wanne waliandika karatasi ya kupinga. Kati ya saba hao alikuwepo Melancton Smith, mpinzani wa zamani wa katiba mpya, na Pierre Van Cortlandt mdogo, ambaye baba yake ndiye alikuwa anagombea unaibu gavana pamoja na Clinton. Hata hivyo hakujitoa.

Hesabu ikawa: Clinton 8,440, Jay 8,332. Kura 108. Na watu wa Jay waliamini kwamba Otsego peke yake ingemuongezea zaidi ya kura 400 juu ya mpinzani wake. Masanduku hayakufunguliwa. Kura za Otsego zikachomwa bila kusomwa.

Nitasema wazi ninavyofikiri. Shauri la Burr si la kijinga. Ukiruhusu mtu yeyote abebe sanduku kwa jina la sherifu, siku nyingine atakuja mwizi na kusema naye ni sherifu. Utaratibu uko kwa ajili ya kulinda. Lakini kuna jambo ambalo saba wale hawakutaka kuliangalia. Masherifu waliteuliwa na baraza la gavana na maseneta wanne. Pengo la Otsego, la sherifu wa zamani kuisha na mpya kuchelewa kuingia, liko ndani ya kazi ya baraza ambalo mwenyekiti wake alikuwa Clinton. Serikali ilichelewa, kisha aliyekuwa kichwa cha serikali akafaidika na uchelewaji wake. Sisi tunaofanya kazi ya kugawa misaada tunajua vizuri vile inakuwa: orodha ikikosa sahihi, anayelala na njaa ni mama aliyesimama kwenye foleni tangu asubuhi, siyo yule aliyesahau kusaini.

Hasira ilikuwa kali. Mikutano ilifanywa mjini New York na vijijini, Jay akaitwa gavana wa haki, gavana aliyechaguliwa na watu. Wengine walitaka uitishwe mkutano mkubwa wa jimbo nje ya bunge, kuugeuza uamuzi. Kulikuwa na maneno ya silaha. Kumbukeni kwamba wanaume wale walikuwa wametoka vitani miaka tisa tu iliyopita, na bunduki zilikuwa nyumbani.

Jay alikuwa safarini kutoka kortini Vermont. Alipoingia jimboni, kila mji alipopita, Lansingburgh, Albany, Hudson, watu walimtokea kwa umati, na mizinga ikapigwa. Ilikuwa nafasi ya mtu kuwasha moto kwa neno moja. Yeye aliwaambia kwamba kutofautiana juu ya wagombea kusivunje ujirani mwema kati ya watu. Mke wake Sarah alipomwandikia habari ya kushindwa kwake, alimjibu kwamba miaka michache ijayo sote tutakuwa mavumbi, na wakati huo itamfaa zaidi kuwa alijitawala mwenyewe kuliko kulitawala jimbo. Hamilton pia, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa kurudi nyuma, alimwandikia King kwamba si vizuri kugeuza uamuzi kwa njia isiyojulikana na katiba wala sheria.

Malalamiko yakapelekwa bungeni. Mashahidi walisikilizwa, dosie ikaingia mwaka 1793, na mwisho bunge likasema kamati haikufanya kosa. Ikaishia hapo.

Vitabu vingi vinamsifu Jay juu ya upole huo, na anastahili. Lakini kila ninaposoma habari hii ninawafikiria watu wa Otsego zaidi kuliko yeye. Jay alirudi kwenye kiti chake cha jaji mkuu. Wao ndio walitembea katika tope mpaka mahali pa kura, wengine kwa mara ya kwanza tangu kaunti yao izaliwe, na hakuna aliyefungua karatasi zao. Amani ya jimbo ililipwa na wao, na hakuna aliyewauliza kama wanakubali kulipa.

Tena hawakuacha kupiga kura. Mwaka 1795 Clinton alisema afya haimruhusu na akajitoa. Wafederali wakamweka Jay tena, ambaye hata nchini hakuwepo, alikuwa London kufanya mapatano na Uingereza. Alishinda kwa kura 13,481 dhidi ya 11,892 za Robert Yates, yule yule wa 1789 ambaye sasa alikuwa amehamia upande wa pili. Jay aliposhuka merikebuni mwisho wa Mei ndipo alipopata habari kwamba yeye ni gavana. Mwaka 1799 aliweka sahihi kwenye sheria ya kumaliza utumwa polepole katika New York, jambo lile lile walilomtisha nalo watu mwaka 1792.

Kisha ikaja zamu yake ya kujaribiwa. Aprili 1800 Wafederali walishindwa kura za bunge la jimbo, na ni Burr aliyepanga ushindi huo wa wapinzani. Bunge jipya lilikuwa bado halijaingia, nalo ndilo lingewachagua wajumbe wa kumpigia prezida wa nchi. Hamilton akamwandikia Jay: liite haraka bunge la zamani, ambamo bado tuna wengi, tubadilishe sheria ya kuwachagua wajumbe. Kwa sheria gavana aliweza kuliita. Jay aliandika juu ya barua ile kwamba ni pendekezo la faida ya chama, ambalo haoni kama linamfaa kulichukua, akaiweka kando. Thomas Jefferson akapata wajumbe wote wa New York na kuwa prezida.

Mwaka 1801 Jay alimaliza muda wake, akaenda kuishi shambani kwake Bedford mpaka kifo chake mwaka 1829. Kwenye kiti cha gavana akaingia tena mzee George Clinton, safari hii kwa kura ambazo masanduku yake hayakuleta kesi.